Kumlisha Paka Anayepata Nafuu

Akina mama wenzangu, mgonjwa anapotoka hospitali watu wengi hudhani kwamba kazi imekwisha. Daktari ametibu, ndugu wamekuja kutoa pole, kilichobaki ni kumshukuru Mungu. Sisi tunaoshinda jikoni tunajua kwamba hapo ndipo kazi inapoanza. Mgonjwa hana hamu ya kula, ulimi mchungu, tumbo linakataa kile ambacho mwezi uliopita lilikipenda, na wa kumbembeleza ni mama. Nimekuwa muuguzi kwa zaidi ya miaka 20, na siku za Jumamosi mimi na wenzangu wa kanisani huwatembelea wagonjwa majumbani. Swali ninaloulizwa zaidi huko si la dawa. Ni hili: "Dada, nimpe nini ale?"

Leo nataka kulijibu swali hilo kwa habari ya mgonjwa wa namna nyingine, yaani paka. Najua wapo watakaocheka, na wacheke tu. Lakini nyumba nyingi zenye watoto zina paka, ama kwa sababu ya panya, ama kwa sababu ya watoto wenyewe, na paka akiugua anayeitwa ni mama yuleyule. Tena tumbo la paka halifanani na letu. Yapo mambo mema tunayowafanyia wagonjwa wetu ambayo tukimfanyia paka bila kufikiri tutamuua.

Paka wetu anaitwa Shaba, kwa ajili ya rangi yake. Alifika hapa Morogoro mwezi wa Januari 2023 ndani ya kapu, akiwa na umri wa miezi kama sita, pamoja na mama mkwe wangu aliyekuja kuishi nasi baada ya kufiwa na mzee. Mama hakuja na vitu vingi. Sanduku la nguo, redio ya marehemu, na kapu hilo. Shaba alizaliwa na paka wa mzee, na usiku alilala miguuni pa mama. Basi mnaweza kuelewa nyumba yetu ilivyokuwa siku paka huyo alipoacha kula, akaanza kutapika povu la njano, kisha akaharisha damu. Mwanangu wa mwisho, mwenye miaka tisa, alilia. Mama hakulia. Alikaa kimya pembeni ya kapu, na kimya kile kilinitia hofu kuliko machozi ya mtoto.

Daktari wa mifugo alimpima, akachukua damu, akakuta chembe nyeupe zimeshuka mno. Akatueleza kwamba ni panlukopenia, ugonjwa wa virusi vya jamii ya parvo. Virusi hivyo hushambulia sehemu za mwili zinazokua upesi, yaani uboho ndani ya mifupa, unaotengeneza damu, na ngozi laini ya ndani ya utumbo. Binadamu hawaambukizwi. Dawa ya kuua virusi hivyo haipo. Anachofanya daktari ni kumtegemeza mgonjwa kwa maji, kwa dawa ya kuzuia kutapika na kwa dawa za kuzuia bakteria wasiingie kwenye damu kupitia utumbo uliochubuka. Paka wengi wadogo hufa. Kwa siku tatu tulimpeleka Shaba asubuhi na kumrudisha jioni, akiwekewa dripu. Siku ya nne kutapika kukakoma. Mizani ya daktari ilisoma kilo 2 kamili, na mifupa ya mgongo ungeweza kuihesabu kwa vidole.

"Sasa mkamlishe," daktari akasema. "Chakula kitupu, kidogo, cha vuguvugu, mara nyingi."

Jioni ile niliporudi kutoka zamu nilimkuta mama amepasha moto maziwa, amevuruga ndani yake ugali laini, na bakuli liko mkononi tayari. Ndivyo mzee alivyokuwa akimlisha paka wake kila jioni kwa miaka yote.

Ningefanya nini? Kumpokonya mjane bakuli mkononi, tena bakuli la namna ile, ni jambo zito. Na kumwacha amnyweshe Shaba maziwa lilikuwa jambo zito vilevile. Nilimsalimu, nikakaa naye kwenye mkeka, nikamwuliza: "Mama, zamani mtoto akitoka kuugua surua, mlikuwa mnamlisha nini?" Mama alilea watoto wanane, nami nilijua anayo majibu.

Akaniambia. Uji mwembamba, kijiko baada ya kijiko, usiku na mchana. Maharage hapana, nyama ya kukaanga hapana, hata akilia njaa. Ukimshibisha siku ya kwanza, alisema, siku ya pili unamzika.

Nikamwambia kwamba hata wodini leo ndivyo tunavyofanya. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hapewi chakula kizito anapopokewa; huanzishiwa maziwa maalumu yanayoitwa F-75, kidogokidogo, kila baada ya saa 2 au 3, kwa sababu mwili uliodhoofika hauwezi kupokea mzigo mkubwa kwa ghafla. Kisha nikamweleza habari ya utumbo wa Shaba. Ndani ya utumbo kuna vijinyuzi vidogo sana vinavyofyonza chakula, na ugonjwa ulikuwa umevifyeka kama shamba lililofyekwa. Vingeota tena, ila si kwa siku moja. Na juu ya vijinyuzi hivyo ndipo kinapokaa kimeng'enya cha kuyeyusha sukari ya maziwa. Paka wengi wakishaachishwa kunyonya hubaki na kimeng'enya hicho kidogo tu, hata wakiwa wazima. Maziwa ya ng'ombe yakiingia kwenye utumbo uliofyekwa, sukari hiyo hubaki bila kuyeyushwa, huvuta maji, na kuharisha huanza upya.

(Hapa naomba nisieleweke vibaya. Mtoto wako anayenyonya akiharisha aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Maziwa ya mama kwa mwanawe ni habari nyingine kabisa.)

Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni kama mtoto wa surua." Akaweka bakuli chini. Halafu akaniuliza kama usiku pia atalishwa, nami nikasema ndiyo, kwa siku za mwanzo. "Basi usiku niachie mimi," akasema. "Nalala saa ngapi kwani?"

Sasa nije kwenye chakula chenyewe. Paka ni mla nyama kwa maumbile. Sisi tukiugua tumbo hukimbilia wali mweupe na uji, na paka akipewa vitu hivyo hujaza tumbo bila kupata anachokihitaji. Kuna kirutubisho kiitwacho taurini, ambacho mwili wa paka hauwezi kujitengenezea cha kutosha, nacho hupatikana kwenye nyama na samaki. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba paka wanaokosa taurini hupata ugonjwa wa moyo kutanuka na kushindwa kusukuma damu. Macho nayo huharibika. Ndiyo maana paka wa ugali mtupu hadumu, isipokuwa awe hodari wa kuwinda.

Tulimchemshia kidari cha kuku, bila ngozi, bila mafuta, bila chumvi. Kichemke mpaka kiive kabisa, kisha kichambuliwe nyuzinyuzi na kupondwa. Maji yake usiyamwage, kwa sababu taurini huyeyuka na kubaki ndani ya maji hayo. Tulimlowekea nyama kwa supu hiyohiyo. Siku kidari kilipokosekana tulitumia perege wa bwawa la Mindu, aliyechemshwa, na mama akamtoa miiba mmoja mmoja huku miwani ikiwa puani. Samaki wa mafuta mengi kama kibua hafai siku hizi za mwanzo.

Kipimo je? Paka wa kilo 2 aliyelala tu anahitaji takriban kalori 120 kwa siku, na hizo zimo katika gramu 70 hivi za kidari kilichochemshwa. Siku ya kwanza tulimpa theluthi ya kiasi hicho, siku ya pili theluthi mbili, siku ya tatu chote. Theluthi moja ukiigawa mara sita ni kijiko kimoja cha chai kwa kila mlo. Ndiyo, kijiko kimoja cha chai. Mume wangu aliposikia habari ya kidari alitania, "Sisi tunakula maharage, paka anakula kuku?" Lakini kidari kimoja ambacho watoto wangekimaliza kwa dakika mbili kilimtosha Shaba siku tatu, kikikaa kwenye friji. Kwa nyumba isiyo na friji, pika kidogo kila siku. Chakula kilicholala mezani kwenye joto letu ni sumu kwa tumbo kama hilo.

Kitie vuguvugu kabla ya kumpa, kiwe kama joto la mwili. Paka hula kwa pua kwanza, na chakula baridi hakina harufu. Akikataa, mpake kidogo kwenye unyayo wa mbele, ataulamba kwa sababu paka hapendi uchafu. Akiendelea kukataa, ondoa sahani baada ya robo saa, urudi baadaye na chakula kibichi kipya, yaani kilichopashwa upya. Usiiache imkae mbele ya pua kutwa nzima. Na dawa usiifiche ndani ya chakula cha mgonjwa huyu. Akiigundua ladha yake mara moja, atakichukia chakula chenyewe, na utakuwa umepoteza vyote viwili.

Kumkamata na kumimina chakula kooni kwa nguvu, kichwa kikiwa kimeinuliwa juu, ni hatari. Kitaingia kwenye mapafu. Kama hali imefika hapo, daktari ana njia zake.

Lakini pia usimfungishe. Zamani ilisemwa kwamba mnyama anayetapika akae na njaa siku nzima au mbili ili tumbo lipumzike. Siku hizi madaktari wanataka alishwe mapema mara kutapika kunapodhibitiwa, maana utumbo hujijenga kwa chakula kinachopita ndani yake. Kwa paka kuna sababu nyingine. Akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa akiwa mnene, mwili huanza kusomba mafuta na kuyarundika kwenye ini, na ini likijaa mafuta hushindwa kazi. Hapo fizi na macho huwa ya njano. Paka anayepata nafuu akipitisha saa 24 bila kula kitu, rudi kwa daktari.

Maji yawe mbali kidogo na chakula, safi, kwenye bakuli pana. Paka wa kilo 2 anahitaji kama mililita 100 kwa siku, pamoja na yale yaliyomo kwenye supu. Gusa fizi zake kwa kidole: zikiwa na utelezi, ana maji, zikinata, ana upungufu.

Kuna vitu viwili nataka niviseme kwa nguvu. Cha kwanza ni kitunguu, pamoja na kitunguu saumu. Kiwe kibichi, kiwe kimepikwa, kiwe unga ndani ya viungo vya mchuzi vya pakiti, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Kwa hiyo mchuzi wetu wa mezani, hata ule mzuri wa Jumapili, haumfai. Cha pili ni parasetamo. Jirani mmoja mwenye huruma alikuja siku ya pili na nusu kidonge, akisema paka ana homa. Mwili wa paka hauna uwezo wa kuisafisha dawa hiyo. Damu yake hugeuka kahawia, hushindwa kubeba hewa, na kidonge kimoja kinatosha kumuua. Nilimshukuru jirani, nikamwomba kidonge akakitunze. Joto la kawaida la paka ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo, hivyo ukimshika utamwona ana moto hata akiwa mzima.

Ratiba yetu ilikuwa hivi: mimi saa 12 asubuhi kabla ya zamu, mwanangu saa 8 mchana atokapo shule, mimi tena jioni, na mama katikati na usiku. Usiku nikiamka niliona taa ya chumba chake inawaka na redio ya mzee inaongea kwa sauti ya chini. Mama alikuwa amekaa kitandani, kijiko mkononi, akimwambia Shaba habari za kijijini.

Siku ya tano tukapata msukosuko. Shaba alitapika mara mbili mchana, na ndani ya matapishi nikaona kipande cha sangara wa kukaanga na punje za pilipili manga. Sikuuliza sana, maana uso wa mtoto ulisema. Alikuwa amemwonea huruma: kila mtu mezani anakula samaki mzuri, Shaba peke yake kijiko cha nyama isiyo na chumvi. Mama akawahi kusema, "Mtoto ametoa sehemu yake mwenyewe, hakuiba." Ilikuwa kweli, alikuwa amempa nusu ya samaki wake. Basi hatukumchapa wala kumkaripia. Tulimwonyesha. Tulipumzisha tumbo saa nne bila chakula, maji tu kidogokidogo, kisha tukarudi kwenye kijiko cha chai kama siku ya kwanza. Mtoto ndiye aliyepewa kazi ya kuandika ni saa ngapi amekula na kiasi gani. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kudondosha kitu chini ya meza, mwenyewe alikuwa polisi wake. Lakini kama kutapika kungeendelea, au damu ikaonekana tena, au paka akajificha mahali pa giza asitake kuguswa, tungemrudisha kwa daktari usiku uleule.

Kuhusu usafi, nazungumza sasa kama muuguzi kabisa. Virusi hivi hukaa kwenye sakafu na vyombo hata mwaka mzima. Tulisafisha kwa ile dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, tukaiacha dakika 10, tukasuuza na kukausha kabla paka hajapita. Zile dawa za kusafishia ambazo ukizitia maji hugeuka nyeupe kama maziwa msizitumie karibu na paka. Ni sumu kwake, naye hujilamba miguu. Na kinyesi cha paka kiondolewe kila siku. Wifi yangu alikuwa mjamzito wakati ule, akataka kutusaidia kubadilisha mchanga. Nilimkataza. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vya toksoplasma vinavyodhuru mimba, navyo huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, ndiyo maana kuondoa kila siku kunasaidia. Mjamzito hana haja ya kumfukuza paka nyumbani. Amwachie mtu mwingine kazi hiyo, anawe mikono, na asile nyama isiyoiva.

Kuku mtupu hawezi kuwa chakula cha siku zote, hasa kwa paka anayekua, kwa sababu hana kalisi ya kutosha. Wiki ya pili, kinyesi kilipokuwa kimeshikamana kwa siku tatu mfululizo, tulianza kumchanganyia chakula kamili cha paka kutoka duka la dawa za mifugo: robo kwa robo tatu za kuku, baada ya siku mbili nusu kwa nusu, na kuendelea hivyo kwa muda wa wiki nzima. Ni ghali, sitawaficha. Sasa tunakinunua kidogo na kukisaidia kwa samaki na kwa dagaa waliolowekwa kutoa chumvi na mchanga, kisha wakachemshwa. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, na humo ndimo kalisi ilimo. Wengine huniambia paka ana roho saba, atajitafutia. Mimi nimemwona Shaba akiwa na kilo 2, nusu roho.

Daktari alimchanja alipopona vizuri. Ugonjwa huu ukishapita humwachia paka kinga ya muda mrefu, lakini kuna mingine, na kichaa cha mbwa hakimchagui mbwa peke yake. Ukipata mtoto wa paka, chanjo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16 au zaidi.

Mama bado anaishi nasi. Nyuma ya mlango wa jikoni kuna kalenda ya kanisa, na kila Jumamosi, kabla sijatoka kwenda kwa wagonjwa, humweka Shaba ndani ya beseni juu ya mizani ya unga, akaandika kwa kalamu ya mjukuu wake. Wiki ya kwanza ya Mei mwaka ule aliandika kilo 3 na gramu 100. Maziwa yake ya jioni hunywa mwenyewe, kwenye chai.